Deni la KBC kwa Garissa

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, Wakenya waliofungua redio walisikia sauti waliyoizoea ikisoma habari ambazo hazijawahi kusomwa. Leonard Mambo Mbotela alikuwa ametolewa nyumbani kwake na askari wa jeshi la anga, akaamriwa atangaze kwamba serikali ya Daniel arap Moi imepinduliwa. Kabla jua halijatua, kikosi kidogo cha jeshi la nchi kavu kilikuwa kimeikomboa studio ya Sauti ya Kenya, na Mbotela yuleyule akawaambia wananchi kwamba serikali ingali imara. Aliyekiongoza kikosi hicho alikuwa Mahmoud Mohamed, naibu wa kamanda wa jeshi la nchi kavu, Msomali wa Kenya kutoka upande wa Garissa. Mwaka 1986 aliteuliwa mkuu wa majeshi yote, akadumu katika cheo hicho hadi 1996.

Miezi 18 baada ya Msomali huyo kuirudishia serikali kipaza sauti chake, wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikamatwa kote wilayani Wajir, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa kiwanja cha ndege cha Wagalla. Walizuiliwa hapo kuanzia tarehe 10 Februari 1984, juani, wakiwa wamevuliwa nguo, bila chakula wala maji. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, wengine kwa risasi. Serikali ilitoa idadi ya watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, ilikuja kukadiria miaka mingi baadaye kwamba waliokufa walikaribia 1,000, na wazee wa Wajir wametaja hata 5,000. Sauti ya Kenya wakati huo ilikuwa idara ya Wizara ya Habari. Haikuwa na kauli nyingine ila ya serikali, na kauli ya serikali ilikuwa 57.

Leo mrithi wa Sauti ya Kenya, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, anaishi chini ya katiba nyingine kabisa. Ushahidi wa mauaji ya Wagalla, ya Garissa na ya Malka Mari umekwisha kutolewa hadharani kwa kiapo, ukarekodiwa kwa pesa za mlipa kodi. Kinachosubiriwa ni mfululizo kamili wa filamu za hali halisi, uliotengenezwa na runinga ya umma yenyewe, unaoketi na ushahidi huo na kuurusha saa ambayo watu wamekaa sebuleni. Hilo ni deni, na kwa kuwa KBC ndiyo iliyorithi studio, maktaba na masafa ya Sauti ya Kenya, ndiyo iliyolirithi na deni lenyewe.

Kufikia sasa, wanaoulizia filamu za Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, huelekezwa kwingine. Kwanza hutajwa kitabu, "Blood on the Runway" cha Salah Abdi Sheikh, kilichotoka mwaka 2007 na kuwapa watafiti wengi pa kuanzia. Kisha huja "Not Yet Kenyan", kazi ya mwanahabari Mohammed Adow iliyoonyeshwa na Al Jazeera mwaka 2013, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50 ya uhuru. Adow ni mtoto wa kaskazini mashariki, na nguvu ya filamu yake iko hapo hapo: anauliza maswali ya ripota, lakini anayaulizia kwao. Mwaka 2015 Judy Kibinge alizindua "Scarred: The Anatomy of a Massacre", filamu inayowapa nafasi manusura wa Wagalla wasimulie kwa vinywa vyao. Kibinge hakuharakisha mtu. Anamwacha mzee anyamaze hadi mwisho wa kunyamaza kwake, na mtazamaji anaelewa katika ukimya huo mambo ambayo msimulizi wa studioni asingeweza kuyasema.

Ipo pia "Watu Wote" ya mwaka 2017, iliyotokana na basi la Mandera lililotekwa na al-Shabaab tarehe 21 Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Hiyo ni filamu ya kuigiza, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg nchini Ujerumani, na ilifika hadi orodha ya wawania Oscar mwaka 2018. Ni kazi nzuri. Lakini inauma kwamba kisa cha Wakenya waliokingana vifua ndani ya basi kilipata umbo lake linalojulikana zaidi duniani kupitia zoezi la mwisho wa masomo la chuo cha Ulaya.

Tazama jinsi kazi hizi zinavyosafiri. Moja ilitoka kwenye chaneli ya setilaiti yenye makao Doha, kwa Kiingereza. Filamu huru kama ya Kibinge kwa kawaida huzunguka kwenye kumbi za maonyesho, vyuo vikuu na mikutano ya haki za binadamu. Mama wa Bulla Iftin mjini Garissa anayeuza maziwa ya ngamia, na dereva wa lori la mifugo anayelala Madogo akisubiri kuvuka daraja la Tana, hawamo katika mzunguko huo. Vilevile hayumo mkulima wa Nyandarua, ambaye pengine ndiye anayehitaji zaidi kuiona, maana yeye amekua akisikia neno "shifta", yaani jambazi, likitajwa kama jina la kabila.

Kwamba Wakenya hawapendi historia kwenye runinga ni dai lililokwisha kukanushwa. Hilary Ng'weno, mwanzilishi wa jarida la Weekly Review, alitengeneza mfululizo wa "The Making of a Nation" kuhusu historia ya siasa za Kenya, na NTV ikauonyesha. Watu walikaa wakatazama mikutano ya Lancaster House, wakaona sura za Tom Mboya na J.M. Kariuki, wakabishana kazini siku iliyofuata. Ng'weno alifariki mwaka 2021, na mpaka leo vipande vya mfululizo ule hutumiwa na walimu wa historia. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi hiyo ilionyeshwa na kampuni ya binafsi. Kampuni ya binafsi iliona faida katika jambo ambalo sheria inalikabidhi shirika la umma kama wajibu.

Malighafi ya mfululizo wa Kaskazini Mashariki haihitaji kutafutwa kwa tochi. Aprili 2011, TJRC ilipoanza vikao vyake vya hadhara, ilianzia Garissa, kisha ikaelekea Wajir na Mandera. Mwenyekiti Bethuel Kiplagat hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amejiweka kando kutokana na malalamiko kwamba alipokuwa katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje alihudhuria kikao cha usalama Wajir siku 2 kabla ya operesheni ya Wagalla. Yeye alikana kuhusika mpaka kifo chake mwaka 2017. Wazee walipanda jukwaani mbele ya makamishna, wakaapa, wakasimulia kwa Kisomali. Wanawake walipewa vikao vyao vya faragha, kwa sababu yapo mambo ambayo mwanamke wa Garissa hawezi kuyataja mbele ya wanaume wa ukoo wake. Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchini kote, na tarehe 21 Mei 2013 ikamkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yenye kurasa zaidi ya 2,000.

Kurasa hizo ni za Kiingereza. Ushahidi uliotolewa kwa Kisomali ulitafsiriwa, ukachapwa, ukafungwa kwenye majuzuu, na mwishoni mwa 2013 Bunge likajipa mamlaka juu ya utekelezaji wake, kisha mambo yakakwama. Nakala za vikao zipo, na mojawapo ya njia rahisi za kuzisoma leo ni kupitia mkusanyiko wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, alikokuwa akifundisha Ronald Slye, mmoja wa makamishna wa kigeni. Yaani mtoto wa shahidi aliyesimama Garissa anaweza kuusoma ushahidi wa babake kwa lugha ambayo baba hakuisema, kutoka mji ulio ng'ambo ya Atlantiki. Fundi wa kuhariri filamu akiyatazama mambo haya haoni ripoti. Anaona sauti, sura, mahali na tarehe, vitu vinne anavyovihitaji kuanza kazi.

Afrika Kusini ilikwisha kuonyesha jinsi ya kufanya. Tume yao ya ukweli ilipoanza vikao mwaka 1996, SABC, shirika la umma lililokuwa kipaza sauti cha ubaguzi wa rangi kwa miongo mingi, lilianzisha kipindi cha kila Jumapili kilichoongozwa na Max du Preez. Kiliendelea hadi Machi 1998. Du Preez na wenzake hawakutosheka na kurudia yaliyosemwa vikaoni. Walikwenda kwenye mashamba walikozikwa watu kwa siri, wakawahoji polisi waliostaafu, wakapima maneno ya muuaji dhidi ya maneno ya mjane. Redio za SABC nazo zilipeleka habari hizo kwa lugha zote rasmi. Baada ya miaka 2 ya Jumapili za namna hiyo, ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote mwenye runinga Afrika Kusini kusema kwamba hakuambiwa.

Nchini Kenya watu wengi bado wanaweza kusema hivyo, na husema kwa nia safi. Mfano mmoja uko katikati ya jiji la Nairobi. Maelfu hupita kila siku kwenye barabara ya Wabera. Ni wachache wanaojua kwamba Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, na kwamba aliuawa Juni 1963, pamoja na Chifu Hajji Galma Dida, walipokuwa wakiwashawishi wenyeji wa mpakani kubaki Kenya. Kifo chake kilikuwa utangulizi wa vita vya shifta vilivyofuata. Mwaka mmoja kabla yake, tume ya Waingereza ilikuwa imewauliza watu wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini wanataka nini, ikakuta kwamba wengi wanataka kujiunga na Somalia. Ombi hilo likakataliwa. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki 2 tu baada ya bendera kupanda, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo zima. Mwaka 1966 serikali ilianza kuwakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikakamatwa, na watu ambao utajiri wao wote ulikuwa na miguu wakabaki mikono mitupu. Vita vilimalizwa na makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda akiwa mpatanishi. Sheria za hatari hazikumalizwa. Ziliendelea hadi Novemba 1991.

Miaka 28 chini ya sheria za hatari! Mtoto aliyezaliwa Garissa siku zilipotangazwa alikuwa mzazi zilipoondolewa. Na mwaka 1970 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kinga iliyowakinga maafisa dhidi ya kushtakiwa kwa waliyoyafanya katika eneo hilo wakati wa vita. Hapo ndipo filamu ya historia inapofanya kazi ambayo taarifa ya habari haiwezi. Taarifa ya habari ya saa tatu inaweza kumwambia mtazamaji kwamba vijana wa Garissa wamelalamikia vizuizi vya polisi barabarani. Filamu inaweza kumchukua mpaka kwenye sheria ya kikoloni ya 1926 iliyoifunga Wilaya ya Mpakani Kaskazini kwa wageni, impitishe katika hali ya hatari, imfikishe kwenye kizuizi kilekile leo, naye ajionee uzi ulivyosokotwa.

Kwa Garissa yenyewe, filamu ya kwanza inajitokeza bila kutafutwa. Novemba 1980, watumishi wa serikali waliuawa kwa risasi mjini. Jibu la vikosi vya usalama lilikuwa kuuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwasukumiza wakazi hadi kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Garissa, wakazuiliwa humo kwa siku kadhaa. Wenyeji huliita tukio hilo Garissa Gubay, kuungua kwa Garissa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi sasa, na filamu ya kweli haina budi kuuonyesha ubishi huo badala ya kuchagua tarakimu moja na kuishikilia.

Mtengenezaji mzuri angeanza na waliokuwa wanafunzi wa shule ile. Leo ni watu wazima wenye wajukuu, na wanaweza kusimama kwenye uwanja uleule kuonyesha lango lilikuwa wapi. Angezitafuta familia za wale watumishi waliouawa, nyingi zikiwa mbali na Garissa, ambazo msiba wao umemezwa na ukubwa wa yaliyofuata. Angekwenda kwa maafisa wastaafu wa polisi na jeshi, awaandikie barua, na akikataliwa asome barua hizo kwenye kamera. Angefungua hansadi za Bunge na magazeti ya mwezi ule. Baada ya hapo ndipo angeweka kamera mbele ya mtu na kumuuliza swali la kwanza. Kazi ya namna hii haiendi kwa wiki 2. Inataka mwaka mzima, na inataka mtu anayelala Garissa.

Pia inataka mtu anayeijua hatari ya kutaja koo ovyo. Operesheni ya Wagalla ilipita juu ya ugomvi wa Degodia na Ajuran kuhusu malisho, maji na silaha. Filamu iliyohaririwa Nairobi na mtu asiyejua mipaka hiyo inaweza kumfanya jirani wa manusura aonekane mshirika wa muuaji, na kesho yake pakawa na mazishi. Kwa hiyo chumba cha kuhariria kinahitaji wazee kutoka pande zote, wakionyeshwa vipande kabla ya kurushwa. Hawapewi haki ya kufuta ukweli. Wanapewa nafasi ya kusema: hapa mmetafsiri vibaya, huyu si kaka yake ni binamu, kisima hicho si chao.

Suala la picha za zamani ni gumu kuliko linavyoonekana. Annalena Tonelli, mhudumu wa afya Mwitaliano aliyeishi Wajir, alisaidia kuzika maiti za Wagalla na kukusanya majina, na habari hizo zikawafikia wanadiplomasia Nairobi. Alifukuzwa nchini, akaendelea na kazi yake kwa Wasomali hadi alipouawa Borama mwaka 2003, miezi michache baada ya kutunukiwa tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Mabaki ya ushahidi wa picha kama ule yametawanyika: mengine yako kwenye familia, mengine kwenye mashirika ya kanisa, mengine kwenye ofisi za serikali za nje. Maktaba ya KBC nayo ina mikanda ya ziara za mawaziri, mabaraza ya wakuu wa mikoa na sherehe za Madaraka zilizofanyika katika miji hiyohiyo. Hata ukanda wa mkuu wa mkoa akihutubia baraza ni ushahidi, kwa sababu unaonyesha alivyozungumza na watu aliokuwa akiwatawala.

Anayetaka kujua haki za picha zinavyoweza kuua filamu aisome habari ya "Eyes on the Prize", mfululizo wa Henry Hampton kuhusu harakati za haki za Wamarekani weusi, ulioanza kuonyeshwa na PBS mwaka 1987. Ulisifiwa kila upande. Lakini leseni za picha na nyimbo zilikuwa za muda, zikaisha, na kwa zaidi ya miaka 10 runinga ya umma ya Marekani haikuweza kurudia kazi yake bora kuliko zote. Ilirudi hewani mwaka 2006 baada ya fedha nyingi kutafutwa. KBC ina nafuu isiyo kifani katika hili: sehemu kubwa ya mikanda ni mali yake. Ikiisafisha na kuihifadhi kidijitali, inaweza kuitoa bure kwa shule za Kenya milele.

Kwa nini basi kazi haijaanza kwa kiwango hiki? Pesa ni jibu la kweli, ila si jibu lote. KBC imebeba kwa miaka mingi mzigo wa mkopo wa Japani wa mwaka 1989, na haina ada ya watazamaji kama ile inayoiendesha BBC. Inategemea matangazo ya biashara na mgao wa serikali, na anayetegemea mgao hujifunza kusoma uso wa mgawaji. Ndiyo maana kipengele cha 34 cha Katiba ya 2010 kina uzito. Kinasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Mhariri wa KBC anayekataa filamu ya Wagalla kwa hofu ya simu kutoka juu ana kinga ya katiba mkononi, na hajaitumia.

Hofu hiyo ina sababu. Aprili 2025, BBC ilipotoa "Blood Parliament", uchunguzi wa mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, onyesho lake lililopangwa Nairobi lilifutwa. Siku chache baadaye watengenezaji filamu 4 walikamatwa wakidaiwa kuhusika nayo, kisha wakaachiliwa, na BBC ikasema hawakuwa na mkono katika kazi hiyo. Ikiwa tukio la mwaka 2024, lililopigwa picha na simu elfu, lilileta haya, mtu anaweza kudhani kwamba historia ya 1980 na 1984 ni hatari zaidi. Ukweli ni kinyume. Matukio hayo yamekwisha kukiriwa. Tarehe 26 Machi 2015, Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia kwa dhuluma za zamani, na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Runinga ya umma inayoonyesha jambo ambalo mkuu wa nchi ameliombea radhi haijavuka mpaka wowote.

Wiki moja baada ya radhi hiyo, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya Kenya. Kwa nchi nzima, jina la Garissa likawa jina la siku hiyo. Ni haki waliokufa wakumbukwe, na filamu juu yao bado inastahili kutengenezwa kwa utulivu, pamoja na wazazi wao wa Kisii, Kitui na Kakamega. Ila mji wenye watu waliochomewa nyumba mwaka 1980 na kuomboleza wanafunzi mwaka 2015 hauwezi kuelezwa kwa tarehe moja tu.

Kuna swali la kiufundi ambalo wakosoaji wa Nairobi hulisahau: nani ataiona? Kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015 kuliziacha nyumba nyingi za kaskazini bila picha, kwa kukosa king'amuzi, umeme, au mnara wa karibu. Runinga peke yake haitoshi. KBC inayo Iftiin FM, ya Kisomali, na filamu yoyote ya historia inaweza kuwa na toleo la redio la siku hiyohiyo, na mjadala wa kupiga simu baadaye. Tena pana desturi ya kale ya kufufua. Magari ya sinema ya idara ya habari yalizunguka wilayani tangu enzi za mkoloni, yakitandika kitambaa cheupe na kuonyesha filamu usiku. Shirika la FilmAid lilitumia njia hiyohiyo katika kambi za Dadaab, na wakimbizi wa Ifo, Dagahaley na Hagadera walikaa mchangani kwa mamia kutazama. Gari moja lenye projekta na jenereta, likitoka Garissa kwenda Modogashe, Dadaab, Masalani na Hulugho, litafika pasipofika mnara.

Filamu za masuala ya jamii ya leo zinahitaji uangalifu uleule, na hapa makosa ni mengi zaidi. Kila ukame unapokuja, kamera hufika kutoka Nairobi, hupiga picha mzoga wa ng'ombe na mama mwenye mtoto aliyekonda, huweka muziki wa huzuni, huondoka kabla ya jioni. Misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na mtazamaji aliyetegemea picha hizo hakuambiwa kwamba mfugaji ana elimu ya kugawa kundi lake, kukopesha ngamia kwa ndugu na kusoma malisho, wala kwamba mashamba na nyua zilizofunga njia za mifugo kuelekea Tana zimeifanya elimu hiyo iwe ngumu kuitumia. Hali ni ileile kuhusu elimu. Baada ya abiria 28, wakiwemo walimu, kuuawa kwenye basi la Mandera Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi, na madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu. Hofu ya mwalimu ni ya kweli. Hasara ya mtoto ni ya kweli. Filamu nzuri ingemketisha kila mmoja wao mbele ya kamera kwa muda ule ule.

Suala linaloita kamera sasa hivi ni kitambulisho. Mwaka 1989 Wasomali wote wa Kenya waliamriwa kujiandikisha upya na kupewa kadi maalumu. Kwa miongo iliyofuata, kijana wa Garissa anayetimiza miaka 18 alilazimika kufika mbele ya kamati ya usaili na wazee, chifu na maafisa wa usalama, kuthibitisha uraia ambao kijana wa Nyeri anauthibitisha kwa fomu. Wapo pia Wakenya ambao wazazi wao, katika miaka ya njaa, waliwaandikisha kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula na shule, na alama zao za vidole zikawanasa ukubwani. Shirika la Haki na Sheria la mjini Garissa limepigania kesi zao kwa miaka. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuufuta usaili huo wa ziada katika kaunti za mpakani.

Tangazo ni karatasi. Ofisi ya usajili ni foleni, karani na mtandao unaokatika. KBC inaweza kumweka mpiga picha mmoja wa Garissa katika ofisi hiyo kwa mwaka mzima, pamoja na mtafsiri wa Kisomali na ruhusa ya wizara, awafuate waombaji wachache tangu siku ya kupeleka fomu hadi siku ya kupokea kadi, ahesabu siku zao, kisha aende Nyeri ahesabu za huko.